Kipimo cha Mke wa Ezekiel

Angetile alipoita mgonjwa aliyefuata, akaingia Atupele, mke mpya wa Ezekiel. Alimtambua kwa picha za harusi. Angetile mwenyewe aliishi na Ezekiel miaka saba bila kushika mimba, mpaka akarudishwa kwao Talatala. Ndipo akaenda kusomea kazi hii ya utrasaundi.

Atupele hakumjua. Alipanda kitandani, akapandisha blauzi, jeli ilipomgusa akacheka. "Baridi, dada!"

Angetile hakucheka. Kwenye kioo cha mashine aliona kifuko cheusi, na ndani yake kijusi kidogo kama punje ya mchele. Akakipima toka kichwani hadi makalioni: milimita tano. Akatafuta mapigo ya moyo. Hakuyaona.

Furaha ikampanda kooni, mpaka akajiogopa. Alijua vizuri kwamba kwa udogo ule moyo huweza kuwa haujaonekana bado, na kwamba mama huelezwa hivyo ili asihangaike. Lakini aliitazama pete ya ndoa kidoleni mwa Atupele, akasema tu, "Sijaona moyo. Rudi wiki ijayo."

"Amekufa?"

"Nimesema urudi."

Wiki hiyo Angetile hakula vizuri. Alijiambia kwamba hakusema uongo, na kweli hakusema, ila usingizi ulimkataa.

Atupele alirudi macho yamevimba. Nyuma yake alikuja Ezekiel, amembebea mkoba. Miaka saba yote hakuwahi kumpokea Angetile hata kikapu cha ndizi. Ezekiel alipomwona, akaganda mlangoni.

"Wewe subiri nje," Angetile alimwambia.

Safari hii moyo ulionekana mara moja, unadundadunda upesi. Akapima, mtoto alikuwa amekua inavyotakiwa. Akageuza kioo.

"Huyu hapa, moyo unapiga. Wiki ile alikuwa mdogo mno. Nilitakiwa nikueleze, sikukueleza."

Atupele alimshika mkono ule ule wenye jeli, akilia. "Ndaga fijo, asante sana, dada! Niitie baba yake."

Angetile akafungua mlango. "Ezekiel, njoo umwone mtoto wako."

Ezekiel alimpita kwa ubavu, akainamia kioo, akaziba mdomo kwa kiganja. Hakumtazama Angetile hata mara moja.

Angetile aliwaacha watazame watakavyo. Akatoka uani, akafungua bomba, akanawa mikono muda mrefu huku machozi yakimtoka.