Mkate wa Mayai Usio na Mayai

Hamira aliingia nyumbani saa moja asubuhi na mkate mmoja kwapani, miguu ikimuuma kuanzia nyayo mpaka kiunoni. Jina hilo la utani bwana huyo alipewa na waokaji wenzake, kwa sababu hasira zake huumuka upesi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akioka mikate ya watu, na kila asubuhi alifika nyumbani, akavua viatu na kuanguka kitandani kama gunia. Leo kitanda alikipita bila hata kukitazama. Binti yake alikuwa anakuja kula.

Binti huyo alikuwa hajakanyaga hapo kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa ameacha kula chochote kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, maziwa, mayai, mpaka siagi. Hamira alidhani ni mambo ya ujana, yatapita kama mafua. Yalipokataa kupita, siku moja alimpikia dengu kwa supu ya mifupa, akakaa kimya, akangoja amalize sahani na kuisifu. Kisha akacheka na kumwambia, "Umeona? Hujafa." Binti alikwenda kutapika, akarudi akakusanya nguo zake, akahamia kwa shangazi yake. Hamira alijitetea wiki ya kwanza. Wiki ya pili aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa imemtoka mpaka leo.

Aliyemwombea nafasi hii kwa binti ni huyo huyo shangazi, dada yake wa kufuatana.

"Nimembembeleza mpaka ulimi umenikauka," alisema kwenye simu. "Atakuja Jumapili asubuhi. Mara hii moja tu. Ukileta vituko vyako, mimi simo."

Akamsomea na mapishi: tui la nazi kikombe kimoja, unga wa dengu vijiko vitatu, ndizi moja iliyoiva sana, mdalasini, chumvi kidogo. Upige mpaka upate rojo, uchovye slesi za mkate, ukaange kwa mafuta ya alizeti.

"Ni ule mkate wa mayai uliokuwa unampikia alipokuwa mdogo," dada yake akaeleza. "Ila huu hauna mayai."

"Mkate wa mayai usio na mayai."

"Unaanza?"

"Sijaanza. Naandika."

Shida ilikuwa mkate wenyewe, maana mikate ya kazini kwake yote ina maziwa na siagi. Kwa hiyo akakanda donge lake peke yake, kwenye bakuli aliloliosha mara mbili: unga, maji, hamira, sukari, chumvi na mafuta. Akaliweka mwishoni mwa trei ya mwisho, likaokwa pamoja na mengine. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliukumbatia mkate huo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijiona baba.

Sasa alisimama jikoni ameegemea kabati, akiponda ndizi kwa uma. Macho yalimwasha. Mara mbili alijikuta amesinzia huku uma bado unazunguka bakulini. Alikata slesi sita bila kuangalia, maana kisu na mkate si vitu anavyohitaji kuviangalia, akazichovya, akazitia kwenye kikaango. Zilitoa harufu nzuri kuliko alivyotarajia, jambo lililomkera kidogo.

Mlango ukagongwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Karibu ndani."

Alikuwa amekonda, au labda ni nywele alizozikata. Hamira alikuwa na la kusema juu ya yote mawili, akalimeza. Binti akakaa kwenye ukingo wa kiti, begi mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

"Umetia nini?"

Hamira akataja kimoja baada ya kingine.

"Na mkate?"

"Nimeuoka mwenyewe. Hauna maziwa, hauna siagi."

Binti akatikisa kichwa kukubali, akavuta sahani. Hamira akajiegemeza kwenye sinki, na jicho lake likaangukia nusu ya mkate iliyobaki kwenye kibao. Jua la dirishani lilikuwa limeipiga sawasawa. Ganda lilikuwa linang'aa.

Mkate wa unga na maji hutoka tanurini umefifia. Mng'ao ule unatoka kwenye kitu kimoja tu, na hakuna mwokaji asiyekijua. Akakumbuka trei ya mwisho, brashi mkononi, bakuli la mayai yaliyopigwa, mkono ukipita mkate baada ya mkate huku mawazo yake yakiwa tayari hapa jikoni. Mkono haukusimama. Haujawahi kuambiwa usimame miaka yote hiyo.

Binti alikuwa ameshakata kipande, kiko kwenye uma.

Hamira alijua cha kufanya ili mambo yawe rahisi: anyamaze. Yai lenyewe ni la kupaka tu. Binti angekula, angesifu, pengine angerudi. Na akisema, nani atamwamini? Mtu aliyetia supu kwa makusudi, leo aje aseme ni bahati mbaya? Alikuwa amechoka mno, asingestahimili kushindwa tena.

"Usile," akasema.

Uma ukabaki hewani.

"Mkate nimeupaka yai juu. Sikukusudia. Nilikuwa napaka yote, nikaupaka na huu. Nimeona sasa hivi."

Binti akauweka uma chini. Akainuka, akaenda kwenye kibao, akapitisha kidole juu ya ganda, akakitazama kidole.

"Ungenyamaza nisingejua."

"Najua."

Alirudi mezani, akachukua begi lake. Hamira hakuwa na nguvu ya kumzuia, wala hakuona ana haki hiyo. Lakini binti hakwenda mlangoni. Alifungua zipu, akatoa bakuli lenye mfuniko, ndani yake viazi vya kuchemsha na maharage.

"Nilikuwa nimepanga kugusagusa chakula chako, niseme nimeshiba, halafu nile hiki njiani," alisema. "Nimekuja nacho kwa sababu sikukuamini."

Hamira akaitikia kwa kichwa. Ilimuuma, na alistahili.

Binti akasogeza kando sahani ya mkate, akachukua mbili safi, akagawa kile chakula nusu kwa nusu. Moja akaisukuma upande wa baba yake.

"Kaa basi, Baba, utaanguka. Jumapili ijayo nitakuja mikono mitupu."

Hamira akakaa. Maharage yalikuwa yamepoa na hayakuwa na chumvi hata chembe, na yeye hajawahi kuacha chakula cha namna hiyo kipite bila neno. Alikula mpaka sahani ikabaki tupu, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.