Uzito wa Masizi

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumatano tarehe 14 Juni 1967, punje za udongo zilitoka kwenye tanuri la kiwanda cha mawese cha Rumonge zikiwa nyeusi. Léonard, mhandisi wa kiwanda, alipiga makofi peke yake.

“Kaboni!” alisema. “Methani imevunjika, hidrojeni imetoka. Amissi, andika.”

Amissi, mpimaji wa kiwanda, hakuandika.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kueleza. Mabaki ya mawese yalioza ndani ya shimo lililofunikwa na kutoa methani. Gesi hiyo ilisafishwa katika maji ya soda kali ya kutengenezea sabuni, kisha ikapitishwa kwenye joto kali juu ya punje za udongo zilizobeba nikeli. Nikeli ikifanya kazi, kaboni hubaki kwenye punje na hidrojeni huenda zake. Hidrojeni hiyo ingegandisha mawese yawe vipande vigumu, yafike Bujumbura bila kuvuja njiani. Léonard, aliyerudi na diploma mwaka mmoja baada ya uhuru, aliyaeleza haya kila wiki kwa maneno mapya, na kila wiki aliyaelewa kwa kiasi kilekile.

“Baada ya saa moja ya gesi zilikuwa gramu 571,” Amissi alisema. “Sasa zimepita saa sita, na bado ni 571. Methani ingekuwa inavunjika, masizi yangeongezeka na uzito ungepanda.”

“Mizani yako imechoka.”

“Niliijaribu asubuhi kwa jiwe la kilo.”

“Basi wewe ndiye umechoka. Mukaguzi iko anakuja Jumamosi. Utatia sahihi kwenye taarifa, ao Jumatatu utarudi kubeba mikungu ya michikichi na watu wa Minago.”

Amissi alikuwa ameibeba mikungu hiyo miaka kumi na mmoja kabla ya kupewa mizani. Alikwenda kutazama beseni ambamo punje zililowekwa kabla ya kukaushwa. Maji ya kijani ya nikeli yalikuwa bado kwenye alama ileile. Udongo uliochomwa hunywa maji. Huu haukunywa kitu, na mhandisi alikuwa amepita karibu na beseni hilo siku mbili bila kuligundua.

Punje zilitengenezwa na Sikuzani, mfinyanzi wa mtaa wa Waswahili. Léonard hakuwahi kufika kwake. Alimtumia karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa, na Sikuzani, asiyejua lugha hiyo, aliifungia chumvi.

“Mama, amahoro,” Amissi alimsalimu kwa Kirundi alipofika kwake jioni hiyo. “Zile punje ulizifanya namna gani?”

“Vile nafanya kila kitu. Nilifinyanga, nilichoma, nikapaka mawese zikiwa moto, nikachoma tena kidogo.”

“Ulipaka mawese?”

“Chungu ambacho hakikupakwa kinavuja! Unataka watu waseme Sikuzani anauza vichungi? Hata ile mitoto ya chungu niliipaka moja moja, vidole vikaungua.”

“Hatukutaka zikatae maji, mama. Tulitaka zinywe.”

Sikuzani alicheka mpaka akashika mbavu. “Kwa hiyo mulitaka kazi mbaya! Si mungesema? Kazi mbaya naweza kukufanyia leo hii. Yule bwana yako wa suti, shule yote ile, hajui chungu kinapakwa?”

Mawese yalikuwa yameziba vinyweleo vya udongo, na ndani ya tanuri yakaungua. Weusi uliopigiwa makofi ulikuwa wa mafuta yaliyoungua, kama wa sufuria yoyote iliyosahauliwa jikoni.

Alhamisi Sikuzani alichoma punje nyingine bila kuzipaka. Zilipolowekwa, maji ya kijani yalishuka vidole viwili. Ijumaa, Léonard akiwa amekwenda mji wa Nyanza-Lac kujitangaza, Amissi aliziweka kwenye gesi. Baada ya saa moja zilikuwa gramu 578. Baada ya saa sita, 655.

Jumamosi mkaguzi, Bahizire, alikuta mezani punje za Jumatano juu ya kitambaa cheupe, na taarifa iliyobakiza sahihi moja.

“Zitazame mwenyewe,” alisema Léonard. “Nyeusi tii.”

“Hata kiatu changu ni cheusi,” alisema Bahizire. “Vipimo viko wapi?”

Léonard alimgeukia Amissi kwa jicho la kumkumbusha mikungu. Amissi aliweka daftari mezani na kando yake trei ya punje za Ijumaa. Alieleza yote, pamoja na mawese, kwa sauti ya mtu anayesoma mizani. Bahizire alizipima punje hizo mwenyewe, mara mbili. Sindano ilisimama kwenye 655.

“Ndiyo hatua ya pili ya mpango wangu,” alisema Léonard.

“Hatua ya kwanza ilikuwa kukaanga udongo?” aliuliza Bahizire.

Alichana taarifa ya zamani, akaandika mpya yenye vipimo vya Ijumaa, akampa Amissi kalamu. Saa tano na dakika kumi Amissi alitia sahihi.