Kugongewa

Kwa miaka ishirini na sita Beryl Tranter alisoma gazeti la Wirrabeen kabla ya mji mzima, tena kwa sauti. Yeye alishika maandishi ya mwandishi, mwenzake Wal Hennessy akashika karatasi iliyotoka chapani, na ndani ya kijumba cha vioo pembeni mwa ukumbi wa mafundi wa kupanga herufi, Beryl alisoma na Wal akafuata kwa kalamu, akiwinda makosa. Vituo hawakuvitamka. Beryl aligonga meza kwa penseli: mara moja, mkato, mara mbili, nukta. Ilifika mahali hata nyumbani, akimaliza kumsomea mumewe barua, aligonga meza mara mbili.

Maneno yasiyo na kazi Wal aliyafyeka bila huruma.

“‘Marehemu aliyefariki,’” angesema. “Kwani kuna marehemu aliyegoma kufa, dada?”

Kisha pembeni ya karatasi aliandika: ziada. Neno hilohilo mafundi wa umeme walilibandika kwenye jenereta ya akiba kule chini ya jengo. Iliwahi kuwashwa mara mbili tu, miaka ya mafuriko, lakini ilipakwa mafuta kila Jumatatu na hakuna aliyethubutu kuisema vibaya.

Mwaka 1984 kompyuta ziliingia, na mwezi wa Mei Beryl akaletewa barua. Nafasi yake, ilisema, imekuwa ya ziada. Muungwana angemwita akamwambia ana kwa ana. Wakubwa walimtuma karani. Beryl aliisoma mara mbili, akitafuta kosa. Halikuwepo.

“Ya kule chini ni ziada, inapakwa mafuta,” alimwambia Wal. “Mimi ni ziada, napewa barua.”

“Basi Jumatatu ukakae kule chini,” Wal alisema, ila hakucheka.

Kazi imekwenda, hilo Beryl alilimeza. Alichokitaka ni kugongewa. Kila fundi alipoondoka kazini kwa mara ya mwisho, ukumbi mzima ulishika chochote kilichokuwa mkononi, nyundo za mbao, rula za chuma, sinia za herufi, ukazipiga meza zao za chuma mpaka mtu wao atoke mlangoni. Beryl alikuwa amewagongea wengi, kwa rula yake mwenyewe, na kila mara alirudi kwenye vioo macho yakiwa mekundu. Alimfuata Des Pringle, msimamizi wa ukumbi.

“Hapana, Beryl. Kugongewa ni kwa aliyesomea ufundi miaka sita. Desturi sikuianzisha mimi.”

“Mbona mimi nimewagongea?”

“Kugonga hakuna aliyekukataza.”

“Haya. Na wewe siku yako, Des? Si nyote mmeandikiwa barua? Wa mwisho atagongewa na panya?”

Des akageuka, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Ijumaa yake ya mwisho, mwezi huohuo, Beryl alileta keki za chokoleti na nazi. Walizila zote, wakamkumbatia mmoja mmoja, Des naye. Kisha akachukua mkoba wake akavuka ukumbi taratibu, akiwapa nafasi. Nyundo zilikuwa juu ya meza. Wanaume wazima walitazama viatu vyao. Kimya kile kilimuuma kuliko barua.

Nyuma yake, Wal aligonga kioo kwa penseli. Mara moja. Beryl akasimama, kwa mazoea tu, akisubiri ya pili, ya nukta. Des alikuwa amemkazia Wal macho. Ya pili haikuja, na Beryl akaenda zake.

Mafundi wakafuata, watatu leo, wanne wiki ijayo, kila mmoja akigongewa na wachache zaidi. Mwisho wa Agosti akabaki Des peke yake, ili akabidhi funguo. Beryl alisikia; habari za Wirrabeen hazijawahi kuhitaji gazeti. Siku hiyo Des alipomaliza kufunga makabati na kugeuka, alimkuta Beryl kando ya meza ya chuma iliyobaki, ile iliyowashinda wanunuzi wa vyuma chakavu kwa uzito. Mkononi ana mti wa kusukumia unga, wa jikoni kwake.

“Vaa koti lako,” alisema. “Tembea.”

Akagonga. Ukumbi ulikuwa mtupu, kwa hiyo mlio ulirudi kutoka kila ukuta. Des alitembea kama mtu anayevuka mto, machozi yakimtiririka, asiyafute. Beryl naye alilia, lakini mkono haukupumzika mpaka mwenzake alipotoka mlangoni.

Kisha Des akarudi. Akafungua mkoba wake, akatoa nyundo ya mbao aliyokuwa anaipeleka nyumbani iwe kumbukumbu.

“Huo mti wako mwepesi,” alisema. “Anzia kwenye vioo, Beryl. Na usiharakishe.”

“Sikusomea ufundi.”

“Nilikukosea, mama. Tembea.”

Beryl akaanzia kwenye kiti chake cha zamani. Des aligonga kwa nguvu zote za mabega yake, na sakafu ikatetemeka chini ya viatu vya Beryl, hatua kwa hatua, kama alivyokuwa ameota. Alipofika mlangoni, Des akaacha.

Beryl hakutoka. Alisimama amempa mgongo, akisubiri, kama alivyosubiri Mei.

Des alikuwa amefanya kazi hatua kumi kutoka kwenye vioo vile miaka yote ishirini na sita, akiisikia penseli ya Beryl. Akagonga meza polepole, mara mbili.