Marobota ya Kocha Sixten

Kocha Sixten Norrby aliupiga teke mlango wa stoo ya Dullah, na kumbe mlango wenyewe ulikuwa wazi, nusura aanguke kifudifudi. Hilo nalo likamzidishia hasira.

"Yako wapi?" alifoka. "Mabegi yangu mawili. Niliyaacha pale, chini ya feni. Yako wapi?"

Dullah, wakala wa mizigo wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, China, mtoto wa Temeke mwenye tumbo la kutangulia, alikuwa anakunywa chai. Akatazama chini ya feni. Palikuwa peupe, pamefagiwa.

"Mabegi gani, mzee wangu? Pale hapakuwa na begi. Palikuwa na marobota mawili."

"Ndiyo hayo hayo!"

"Daah." Dullah akakiweka kikombe chini. "Hayo yameondoka na kontena. Jana asubuhi."

Sixten alikuwa Mswidi, mzee mrefu mwenye goti bovu, kocha wa hoki ya barafu. Usicheke. Guangzhou hakuanguki theluji, ukuta wenyewe unatoka jasho, lakini kuna jengo la maduka lenye uwanja wa barafu ghorofa ya nne, juu ya wauza tambi na chini ya sinema, na hapo ndipo alipofundisha watoto. Watoto wa Kichina, mapacha wa Floribert wa Lubumbashi, na Kauthar, binti wa Swalha, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Unguja. Kauthar alikuwa golikipa. Alipewa goli siku ya kwanza tu, kwa sababu kisahani cheusi, ndio mpira wa mchezo huo, kiliporuka kuelekea usoni kwake, wenzake wote waliinama, yeye akakodoa macho.

Vifaa vya golikipa si mchezo. Magodoro ya miguuni, ngao ya kifua, glavu kama sinia, kofia yenye chuma. Uwanjani walikataa kuvitunza. Swalha anaishi chumba kimoja na majora ya vitambaa hadi darini. Dullah akasema leteni kwangu, nafasi ipo. Tatizo likawa ukungu. Msimu ule unyevu ulikuwa unaotesha kuvu hata kwenye mkanda wa suruali. Sixten, mtu wa utaratibu, akavitia vifaa kwenye mifuko ya plastiki, akaizungushia utepe ule mpana wa kufungia magongo, akaviringa na kuviringa mpaka pasipite hewa. Akaridhika na kazi yake.

Na hapo ndipo alipojimaliza. Kwa wakala wa mizigo, kitu kilichozungushiwa utepe kimeshaaga. Mwenyewe keshakagua, keshafunga, anachongoja ni meli. Kitu chako ambacho hutaki kisafiri unakiacha mdomo wazi, hata kama ni gunia la dhahabu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali, lakini kila mtu pale Xiaobei anaijua, kuanzia mpagazi hadi mama lishe. Siku ya kufunga kontena wapagazi hawaulizi. Wanaona utepe, wanabeba, wanajaza kila pengo.

"Piga simu," Sixten akasema. "Lirudi."

"Lipo bandarini Nansha, mzee. Limeshafungwa lakiri, makaratasi yamegongwa mihuri. Ukilifungua, forodha wanaanza upya na meli inaondoka. Mle mna mizigo ya watu, yote ya Idi."

"Na mimi nina mechi Jumamosi! Leo Alhamisi!"

Dullah alijua habari za mechi, maana Kauthar aliziimba mtaa mzima. Timu ya Shenzhen ilikuwa inakuja. Na Bwana Kuang, mwenye klabu, alikuwa ameshatoa neno lake: mara mbili mmeahirisha, mkikosa kutokea mara ya tatu timu naifunga, saa zenu za barafu nawapa watu wa sherehe za kuzaliwa. Bila golikipa, Sixten hakuona timu ya kutokea nayo.

"Ngoja nimwite mama mtu," Dullah akasema, kwa kujikosha.

Swalha alifika anahema, buibui limepandishwa, vumbi la vitambaa vya soko la Zhongda mabegani. Sixten akapata nguvu. Huyu ndiye mama wa golikipa, huyu atamsagasaga Dullah. Wakazungumza Kiingereza cha pale, kile cha kukatakata, kinachoungwa kwa Kichina cha sokoni.

"Kontena lipi?" Swalha akauliza. "Hili la Idi ya Mfungo Tatu?"

"Ndilo," Dullah akajibu.

Swalha akajikung'uta vumbi begani. "Basi halifunguliwi."

"Mama Kauthar!" Sixten hakuamini masikio yake. "Ni vifaa vya mtoto wako!"

"Na vitambaa vya watu wangu vimo humo humo. Mafundi wa Darajani wananingoja. Kitambaa cha Idi kikifika baada ya Idi, n'kivae mimi? Na si mimi peke yangu. Chausiku vyake vimo, Othman vyake vimo. Niwafungulie wenzangu kontena kwa ajili ya magodoro ya miguuni?"

"Kwa hiyo timu ife."

"Nani kafunga utepe? Mimi?"

"Hakuna aliyeniambia!"

"Miaka mingapi unakula pilau yetu hapa? Macho yako yalikuwa wapi?"

"Nyinyi wote ni watu wa mzigo tu! Mtoto mwenyewe kwenu mzigo!"

Swalha akamkazia macho hadi yule mzee akatazama pembeni.

"Rudia," akasema polepole. "Rudia hilo neno, kisha utafute mtu wa kukutoa hapa."

Hakurudia. Alitoka akiusukuma mlango ule ule uliokuwa wazi.

Kuondoka kwa hasira ilikuwa kazi yake ya pili, na pengine aliijua kuliko ya kwanza. Alizaliwa kaskazini mwa Uswidi, mji wa kiwanda cha mbao, mto ukiganda watoto wanauchezea mpaka gizani. Akawa beki wa timu ya hapo. Hakuwa na chenga wala mbio, kazi yake ilikuwa kusimama mahali mtu anapotaka kupita. Watu wa mji wakampenda kwa hilo mpaka goti lilipovunjika. Wakampa ukocha wa timu ile ile. Mwenyekiti akataka mwanawe achezeshwe, Sixten akasema mwanao hajui kugeuka kushoto, wakatukanana, akaitupa filimbi mezani na kuondoka. Alidhani watamfuata. Alikaa nyumbani kutwa nzima na viatu mguuni, simu karibu. Hawakumfuata. Norwe ikawa vivyo hivyo, aligombana na tajiri. Ujerumani aligombana na waamuzi. Kazakhstan hata hakumbuki aligombana na nani. Harbin alidumu misimu miwili, halafu meza, filimbi, mlango. Kila alipotoka alikuwa na haki, na kila alipotoka mahali palijifunga nyuma yake kama maji. Mke alichoka mapema. Sasa ndiyo hii Guangzhou, watoto wa ghorofa ya nne, na baada ya hawa hakuona wengine.

Ijumaa alipiga simu kila alikojua. Duka la vifaa likamwambia saizi ya Kauthar inaagizwa kutoka kaskazini, wiki mbili. Kocha wa Shenzhen akamjibu kwa adabu kwamba kila timu huja na vyake, akakata. Basi Sixten akampigia Swalha, si kwa kuomba radhi.

"Mwambie Kauthar abaki nyumbani kesho. Hakuna mechi."

"Kwa nini? Kavunjika miguu?"

"Hana vifaa vya goli!"

"Viatu vya kukimbilia barafuni si anavyo? Kofia ya kawaida atapewa. Wee mzee, kazi yako nini hasa? Kukikosekana godoro na wewe umekufa? Mimi kitambaa chekundu kikiisha nauza cha kijani, silali barabarani kulia."

"Hujui mchezo huu, Mama Kauthar! Nyamaza!"

"Sinyamazi. Na lile neno la jana bado n'nalo rohoni, usidhani limepita."

Alikata simu, akaitupa kitandani. Akazunguka chumbani akimtukana Swalha kwa Kiswidi. Sheria zilikuwa kichwani mwake tangu utotoni, na kati ya tusi moja na jingine akasimama. Kwenye hoki golikipa anaruhusiwa kutolewa wakati wowote, aingie mkimbiaji wa sita. Makocha hufanya hivyo dakika za mwisho wakizidiwa. Hakuna aliyesema ni dakika za mwisho tu.

Jumamosi mwamuzi alipekua kanuni kwenye simu yake kwa muda mrefu, akapandisha mabega, akapuliza filimbi. Wakacheza goli wazi.

Ilikuwa balaa. Kila Shenzhen walipoupata mpira wao ule bapa waliupiga kutoka popote, nao ukateleza wenyewe hadi wavuni kama unakwenda kwao. Wazazi wa Shenzhen walicheka, wakatoa simu, wakarekodi. Sixten aliunguruma kwa Kichina, kwa Kiingereza, kwa lugha ya mamaye. Aliwagombeza watoto, alimgombeza mwamuzi, aliigombeza barafu. Kauthar, aliyezoea kusimama, alikimbia kama ndama aliyeachiwa, alianguka, aliinuka, na kila mara alirudi kinyumenyume hadi mdomoni mwa goli na kujitupa kwa tumbo. Kisahani kimoja kilimgonga paja lisilo na kinga. Hakulia. Alimtukana aliyekipiga, kwa Kiunguja safi, na juu kule kwenye viti mama yake akajifanya hajasikia.

Walifungwa kumi na tisa. Wao walipata matatu, na la tatu mapacha wa Floribert walilishangilia kama kombe.

Bwana Kuang alishuka kabla watoto hawajavua viatu. Alimwekea Sixten simu usoni. Video ilikuwa imeshazunguka, goli tupu na vicheko.

"Umeniaibisha mji mzima," akasema. "Timu nimeifunga. Kuanzia leo."

"Ulisema timu isiyotokea! Sisi tumetokea!"

"Bu xing," Kuang akajibu. Haiwezekani. Akakunja mikono.

Sixten akaivua filimbi shingoni. Hakukuwa na meza, akaitupa juu ya benchi. "Watoto hawa wamesimama mbele ya goli tupu dakika zote zile, na wewe unaona aibu? Kaa na sherehe zako!" Akageuka, akaanza kuuendea mlango kwa hatua zake ndefu za kuchechemea. Aliujua mwendo huo. Angeweza kuutembea akiwa usingizini.

Mkono ukamkamata shati mgongoni.

"Unakwenda wapi?" Ilikuwa Swalha.

"Niache!"

"Unaondoka kama mwizi. Ndiyo maana kila mahali wamekuacha uende. Hujui kuondoka wewe!" Alikuwa na hasira kuliko yeye, macho yametoka. "Zhongda bosi akinikatalia bei, naondoka. Lakini naondoka n'kionekana. Naondoka na wenzangu wote dukani. Polepole, mpaka moyo umuume. Ukikimbia, atakuitaje?"

"Hawaniiti. Hawajawahi kuniita."

"Hawakuwahi kupata nafasi! Punguza mwendo."

Akageuka, akapiga makofi. "Kauthar! Vaa ndala, twende. Baba Mapacha, wabebe wanao." Kisha akawageukia akina mama wa Kichina na kuwaambia, kwa sauti ya kuuzia, kwamba ng'ambo ya mto kuna uwanja mwingine wa barafu na kocha anakwenda huko, nani anakuja? Wale akina mama walitazamana. Walikuwa wanunuzi na wauzaji vilevile, mchezo huo waliujua tangu tumboni. Wakaanza kukusanya mabegi, taratibu, zipu moja baada ya nyingine. Na hao ndio waliokuwa wakilipia barafu ya Kuang mwaka mzima.

Wakaondoka kwa kundi. Sixten alikuwa mbele, Swalha amemshika shati kama breki. Jasho lilimtoka. Kutembea polepole kulimuuma kuliko goti.

"Jiaolian!" Kuang akaita nyuma yao. Kocha!

Sixten akaganda.

"Usigeuke," Swalha akanong'ona. "Tembea."

"Ameniita."

"Nimesikia. Ngoja aite tena. Na lile neno lako la mzigo utaniomba radhi, mbele ya mtoto."

"Nitaomba."

"Leo."

"Leo, nimesema leo!"

"Jiaolian Norrby!" Sauti ya Kuang ilikuwa imepanda, na viatu vyake vilikuwa vinakuja.

"Haya, sasa geuka. Unataka siku ngapi za barafu kwa wiki?"

"Jumanne," Sixten akasema. "Jumanne inatosha."

Swalha akamfinya mkono mpaka akaruka. "Mjinga we! Anza na Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Kushuka utashuka baadaye."

Sixten akageuka, uso mwekundu, hasira yake yote iko pale pale, akamwendea Kuang.