Mkoba wa Kwenye Picha

Kitu cha kwanza alichokiona ni ukucha. Dada yake alimsogezea simu usoni akisema, "Tazama watu wanavyoupenda mkoba wetu," na yeye, badala ya kutazama mkoba, akatazama kidole gumba kilichoushika. Ukucha ulikuwa mrefu, mwekundu, umepakwa rangi ukapakika. Chumbani mwao hamkuwa na ukucha wa namna hiyo. Vidole vyake yeye vilijaa alama za sindano, na dada alikuwa na tabia ya kuzitafuna kucha zake mpaka nyama.

"Huu nani kaushona?"

"Wewe. Si huo hapo mezani?"

"Wa kwenye simu, dada."

Dada akakohoa kidogo. "Picha nimeiazima. Usinitolee macho. Zile tulizopiga wenyewe mkoba ulionekana kama gunia la mkaa. Dirisha letu linatazamana na ukuta, mwanga tuutoe wapi?"

Hilo lilikuwa kweli. Tangu wafungue duka lao la mtandaoni, dada ndiye aliyekuwa mdomo wa duka, yeye akiwa mikono. Dada alijifunza biashara hiyo huku na huku, akawa na kanuni zake. Mteja mjibu upesi kabla hajaenda kwa jirani. Kila mtu mwite mpendwa. Akiuliza kama kitu kipo, kipo. "Na mtandaoni," alipenda kusema, "watu hawanunui mkoba. Wananunua picha."

Mdogo mtu alisikiliza, akakanyaga cherehani yake. Shule aliiacha kabla hajazoea maneno marefu, na mbele ya mgeni ulimi wake uligeuka kuwa jiwe. Majirani walimwita Fundi Bubu, naye hakuwahi kuwasahihisha, angewasahihishaje?

"Huyu ni mteja wetu wa kwanza wa mbali," dada alisema, akifunga kitambaa kichwani. "Ameshalipa. Mzigo ukifika akatusifu kwenye ukurasa, tumetoka."

"Na akitutukana?"

"Usinitabirie mkosi." Simu ikaita. Mwenye pikipiki aliyekuja kuchukua mzigo alikuwa amepotea vichochoroni. "Nashuka kumpokea huyu, asije akaishia kwa watu. Huo mkoba uufunge vizuri."

Akatoka, simu akaiacha kwenye chaji.

Haikupita muda ikalia tena, mlio wa ujumbe wa sauti. Jumbe hizo alizoea kuzifungua, maana dada alimwachia asikilize vipimo vya wateja. Akabonyeza.

"Mpendwa, na mimi nakuita hivyohivyo," mwanamke akacheka kwenye simu. "Nauliza tu. Ule mfuko wa ndani wenye zipu, zipu yake ni nyepesi? Maana huo ndio ulionivutia. Mama yangu hutembea na dawa zake, na mikono yake inatetemeka, kila mara zinamwagika njiani. Nimeshamwambia mkoba unakuja."

Akaufungua mkoba wa mezani. Mfuko wa ndani ulikuwepo, lakini ulifungwa kwa kifungo. Kifungo kigumu, alichokibana kwa uzi mara mbili kwa sababu hakupenda kazi inayolegea. Akajaribu kukifungua kwa kidole kimoja, mkono akiuchezesha kama wa mgonjwa. Kikakataa.

Kuandika "ipo" aliweza. Ni herufi tatu tu. Akaziandika, zikakaa pale zikingoja. Chini alisikia pikipiki ikinguruma, na sauti ya dada ikimtania dereva: "Kaka, wewe hata jikoni kwenu si utapotea?"

Akazifuta herufi, moja moja. Akaweka kidole kwenye alama ya kipaza sauti, akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alipoinua kidole, ujumbe ukaenda hivyohivyo, umebeba pumzi zake tupu. Jibu likarudi haraka: "Haloo? Mbona sisikii kitu? Mpendwa, kuna tatizo?"

Viatu vya dada vilikuwa vinapanda ngazi.

Akabonyeza tena.

"Mkoba wa kwenye picha si wetu," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, ikikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Picha ni ya watu. Wetu hauna zipu. Una kifungo, na ni kigumu, mama hatakiweza."

Mlango ukafunguliwa. Dada akasimama na mkono umenyooka kuupokea mzigo. Akaiona simu, akaona kidole kilipo. "Unafanya nini?" alinong'ona. "Mdogo wangu, usinimwagie unga. Futa hiyo."

Hakufuta.

"Zipu naweza kuitia, nyepesi, na kamba ya kuvutia. Lakini mkoba hautaondoka leo. Na usipoutaka, dada atakurudishia pesa yako."

Dada akaegemea mwimo wa mlango. Kule chini honi ikalia, ikalia tena. Sasa kilichobaki ni kuinua kidole tu, na alitaka kukiinua. Lakini lilikuwepo neno jingine, lililokaa kooni tangu alipoambiwa kazi yake inafanana na gunia. Akautazama mkoba, kisha akamtazama dada yake machoni.

"Ila ni mzuri," alisema. "Nimeushona mimi, na ni mzuri."