Malkia Tisa na Kopo la Vifungo

Shemeji alinimwagia malkia tisa mapajani, akasema, "Shika. Nimewaazima, kwa hiyo usinipotezee hata mmoja."

Niliwapapasa mmoja mmoja. Hawakufanana. Mmoja alikuwa na ufa kwenye taji, mwingine mzito kuliko wenzake, na wa tatu alikuwa ameshikwashikwa na watu wengi hata meno ya taji lake yamelainika. Shemeji alinieleza kwamba mmoja ni wake, na wanane waliobaki amewachukua kwa wenzake katika chama cha wacheza sataranji wasioona, malkia mweupe mmoja kwa kila ubao.

"Watu wanane leo wanacheza bila malkia," alisema, "na wote wanakulaumu wewe."

"Mimi? Nimewakosea nini?"

"Utajua. Lete ubao."

Ilikuwa Jumamosi, saa saba na nusu mchana. Saa kumi mume wangu angerudi na mnunuzi wa cherehani yangu.

Nilishona kwa miaka kumi na tisa. Sare za shule, mapazia, mashela ya maharusi, suti moja ya hakimu ambayo mpaka leo najivunia mabega yake. Kisha presha ya macho ikaanza kunipunja mwanga pembeni, kidogo kidogo, nikawa nasema taa za siku hizi ni mbovu. Nilipokwenda kwa daktari tayari nilikuwa nimechelewa. Mwezi wa tatu wa giza nilikaa kwenye cherehani kwa ubishi wangu tu, na sindano ikapita katikati ya ukucha. Kidole kilipona baada ya wiki mbili, ila mikono haikupona. Tangu siku ile ikawa na akili yake yenyewe. Ikigusa kitu chochote, ukingo wa meza, kikombe, hata shavu la mwanangu, inarudi nyuma kabla sijaiambia.

Mume wangu si mtu mbaya. Alichoka kuiona cherehani imefunikwa shuka, nami nilichoka kuisikia imenyamaza. Aliposema kuna dada anaanza ufundi na anatafuta mashine ya kukanyaga, nikamwambia amlete. Nilijua vizuri nilichokuwa nakikubali. Cherehani ikitoka mlangoni, ufundi wangu unatoka nayo, na mimi nabaki mtu wa kuletewa chai.

Shemeji alikuwa kaka yake mkubwa mume wangu. Hakuona tangu akiwa na miaka minne, na kazi yake ilikuwa kupokea simu hospitalini. Enzi zangu za kuona nilikuwa nikimsemesha kwa sauti ya juu, kama vile asiyeona hasikii, naye hakuwahi kunisahihisha. Alinijibu kwa kupaza zaidi, tukawa tunapigiana kelele sebuleni mpaka majirani wakadhani tumegombana. Nilipopofuka alikuja siku ya pili, akanishika mkono, akasema, "Karibu, shemeji. Huku mimi ni mwenyeji, nitakutembeza." Nilimtukana. Alicheka, na nilipojichoma sindano akaja na ubao wa sataranji wenye tundu katika kila mraba, ili kete zisimame hata zikipapaswa. Miraba myeusi imeinuliwa kidogo, na kete nyeusi zina kichuchu kichwani. Alinifundisha miezi minne, kila alipotoka kazini. Nilicheza vibaya sana, kwa kuwa kila nikigusa kete mkono ulikuwa unakimbia.

Siku ile nilitarajia anibembeleze nisiuze. Hakusema hata neno moja juu ya cherehani, na hilo liliniudhi kuliko angesema.

Alipanga kete mwenyewe, akihesabu miraba kwa kidole gumba. Kwa upande mweupe aliweka malkia tisa, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na mfalme. Askari hakuna hata mmoja, kwani askari akifika mwisho wa ubao anaruhusiwa kuwa malkia, na hawa wote wanane walikuwa wamefika. Kwa upande mweusi aliweka mfalme pembeni kabisa na askari wawili mbele yake, basi.

"Ni zamu ya nyeupe," alisema. "Usicheze. Hesabu tu. Kuna hatua ngapi tofauti unazoweza kuchagua?"

"Ndiyo umewanyang'anya watu malkia zao kwa hili?"

"Mchezo ukianza unakuwa na hatua ishirini. Hapa je?"

Nilivuta kopo langu la vifungo, maana bila kitu cha kushika hesabu hunipotea. Mkono wa kushoto niliuacha juu ya kete, vidole vya kulia vikatembea njia zake, na kwa kila mraba kete inapoweza kutua nikadondosha kifungo kimoja kwenye sahani. Nilianza na mfalme. Ana hatua nne. Farasi, tatu kila mmoja. Maaskofu, nne na tano. Ngome moja tisa, ya pili kumi. Mpaka hapo nilikuwa nafanya ili aniache.

Kisha nikaingia kwa malkia. Yule mwenye ufa alikuwa karibu na katikati ya ubao. Vidole vyangu vilitoka kwake kwenda juu, vikarudi, vikaenda kushoto mpaka ukingoni, vikarudi, vikakata mshazari, na vifungo vikawa vinalia kwenye sahani, tiki, tiki, tiki. Kila nilipodhani nimemmaliza kulikuwa na njia nyingine. Wenzake walikuwa wamemzunguka na hakuna aliyemzibia mwenzake zaidi ya kidogo sana. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa akawapanga viumbe hawa wote wenye nguvu ndani ya ubao usiozidi upana wa mto wa kulalia, na kila mmoja akabakiwa na nafasi.

Imepita miaka kumi na mmoja na bado sijaweza kuwaeleza watu nilichokipata pale. Njia zilikuwa nyingi mno. Zilipishana juu ya kila mraba mtupu, nami nilizijua zote kwa wakati mmoja, kichwani, bila jicho. Nilishangaa hata nikaogopa. Kwa miezi saba dunia yangu ilikuwa kitanda, choo na kiti cha dirishani, na sasa nilikuwa nimekaa mbele ya kitu kikubwa kuliko chochote nilichowahi kukiona nilipokuwa naona. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwani mikono ilikuwa na kazi.

Nilipanga vifungo kumi kumi. "Mia mbili na tisa," nilisema.

"Umeacha tisa."

"Sijaacha!"

"Mia mbili na kumi na nane. Watu wametafuta miaka mingi mpangilio wenye hatua nyingi kuliko huu, hawajaupata. Umeacha tisa, shemeji."

Nilirudia kuanzia mwanzo kwa hasira. Mia mbili na tisa. Nje saa ya jirani ikagonga tisa, nikazidi kukasirika.

"Zote tisa ziko upande mmoja," alisema kwa upole. "Pembeni, kule kwa weusi."

"Kule nimefika. Kuna kitu pale."

"Kitu gani?"

"Askari wao. Nikimgusa narudi."

"Unarudi kwa nini?"

Kanuni niliijua tangu wiki ya kwanza. Kete ya mwenzio ikikaa kwenye njia yako unaila na unakaa mahali pake, hiyo nayo ni hatua. Lakini mikono yangu ilikuwa imehesabu miraba mitupu peke yake. Popote ilipokuta kitu, iliamini njia imeishia hapo.

"Si kila unachokigusa ni ukuta," shemeji alisema. "Kingine ni chako."

Nilirudi kwa yule malkia mwenye ufa. Nilikuwa nimempa hatua ishirini na nne. Nilishuka naye mshazari, mraba mmoja, wa pili, na kwenye wa tatu kidole kikakuta kichuchu cha askari mweusi. Mkono ukataka kukimbia. Niliubakiza. Nikamshika askari, nikamzungusha kwenye tundu lake, nikadondosha kifungo. Ishirini na tano. Kisha wa pili, kisha farasi, kisha askofu, mpaka vikatimia tisa.

"Na mfalme wao nimle?"

"Mfalme haliwi. Acha tamaa."

Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Tulikuwa bado tunacheka mume wangu alipoingia na mgeni wake.

"Shikamoo, mama," alisema yule dada. Sauti ilikuwa ya mtu mdogo mwenye haya. Alifunua shuka, akapitisha kiganja juu ya mashine, akauliza kama naweza kumwonyesha inavyoshona, maana alishawahi kuuziwa pambo.

"Mke wangu hawezi," mume wangu alisema haraka. "Chukua ukaijaribu nyumbani."

"Nipishe," nilisema.

Nilikaa. Uzi wa mwisho ulikuwa bado umo kwenye tundu la sindano, miezi minne. Dada alinipa kipande cha kitambaa, nikakikunja ukingo, nikakiingiza, nikateremsha chuma kinachobana. Kidole kikafika kwenye sindano. Kuna kitu pale. Nikakiacha kidole palepale, ubavuni mwa sindano, nikakanyaga.

Iliguna, kisha ikashika mwendo. Nilisikia sindano ikipanda na kushuka karibu na ngozi yangu, na kitambaa kikitambaa mbele, mpaka kikaisha. Nikakata uzi kwa meno, nikampa.

Dada alipitisha kidole juu ya mshono. "Imenyooka," alisema hatimaye, akimwambia mume wangu, si mimi. "Kaka, mwenye mashine bado anaitumia."

Nilimsikia shemeji akirudisha malkia mfukoni, akiwahesabu.

Mume wangu alimwomba radhi mgeni, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alipitiliza chumbani. Nilisikia kabati likifunguliwa, kisha hatua zake. Aliniwekea suruali mapajani. Niliijua kwa kitambaa chake. Nilimshonea mwenyewe.

"Pindo limefumuka tangu mwaka jana," alisema. "Sikutaka kumpelekea fundi mwingine."