Kliniki ya Miguu Midogo

Siku Chepkemboi alipomwambia mkuu wake kwamba ana mimba, alikuwa mwaka wa tatu wa kusomea upasuaji wa mifupa, na katika kundi lao mwanamke alikuwa yeye peke yake. Mkuu huyo, Daktari Amarjit, alikuwa Singasinga mrefu mwenye kilemba cha buluu, mzaliwa wa Nakuru, na nusu ya madaktari wa mifupa wa mji huo walikuwa wamepita mikononi mwake. Alivua miwani akaiweka mezani. Alimpongeza, akamuuliza kama anakula vizuri, kisha akasema kwa upole lile neno ambalo Chepkemboi alikuwa akiliogopa: apumzike mwaka mzima, arudi mtoto akishapata nguvu.

Sababu ilikuwa eksirei. Katika thieta, yaani chumba cha upasuaji wa mifupa, mashine hiyo huwashwa kila mara ili daktari aone chuma kinapita wapi ndani ya mfupa, na kila aliye chumbani huvaa aproni nzito yenye madini ya risasi. Amarjit hakutaka mtoto ambaye hajazaliwa awe hatarini chini ya uangalizi wake. Chepkemboi alimwelewa. Lakini alijua pia kwamba mwaka mmoja ni mrefu, na kwamba wapo waliosema tangu mwanzo kuwa kazi ya nyundo na msumeno si ya wanawake. Hao angewapa la kusema.

"Nipe kazi yoyote isiyo na eksirei," akamwambia. "Hata ile ambayo hakuna anayeitaka."

Ya aina hiyo ilikuwa moja tu. Kila Jumanne, katika chumba kidogo nyuma ya jengo la mazoezi ya viungo, hospitali yao ya misheni ilikuwa na kliniki ya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda ndani. Pale hakukuwa na vyuma wala mitambo. Mguu wa mtoto hunyooshwa kidogo kwa mikono, hufungwa plasta, na wiki inayofuata plasta hutolewa ili unyooshwe tena. Marezidenti, yaani madaktari waliokuwa wakisomea upasuaji kama yeye, walipelekwa huko kwa zamu na kila mmoja alikuwa na kisingizio chake cha kutoenda. Amarjit akampa kliniki yote, pamoja na wagonjwa wa wodini ambao hawakuhitaji thieta. Akamwonya tu kwamba asije akalalamika baadaye kuwa wenzake wamemwacha.

Nafasi zake za thieta alizichukua Jaydeep, waliyeanza naye masomo siku moja. Jaydeep alikulia kwenye duka la vifaa vya ujenzi la familia yake mjini na alishika drili kama kijiko. Alikuwa rafiki wa kweli na hakuwa na nia mbaya, lakini wakati wa chakula cha mchana alikuwa hawezi kujizuia kusimulia nyonga aliyobadilisha au paja alilotia chuma. Chepkemboi alimsikiliza akitabasamu. Jioni alirudi nyumbani kwake mtaa wa Section 58 na kumwambia mumewe, Bethwel, kwamba leo amekojolewa na watoto watatu na hajashika hata skrubu moja.

Plasta zake za mwanzo zilimtia aibu. Mtoto mmoja wa Njoro alirudi mguu ukiwa wazi na plasta nzima ikiwa kwenye mkoba wa mamake. Ilikuwa imechomoka kama soksi. Hapo ndipo Chepkemboi alipoacha kuiona kazi ile kuwa ya kupoteza wakati. Alisoma upya kila alichoweza kupata. Akajifunza kwamba siri iko kwenye mfupa mmoja mdogo upande wa nje wa mguu, ambao hauonekani na lazima ukisiwe kwa kidole gumba. Ukiushikilia hapo, unyayo mzima huzunguka na kurudi mahali pake. Ukikosea kidogo, mguu utaonekana umenyooka kwa nje huku ndani umeharibika zaidi. Alifanya mazoezi kwenye kidole gumba cha Bethwel, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine nyumbani kilichokaribia ukubwa wa mguu wa mtoto mchanga. Bethwel alikuwa mwalimu wa hesabu, na asubuhi moja alisimama mbele ya darasa na kidole cheupe kama chaki. Wanafunzi walipomuuliza aliwaambia kwamba mke wake pia yuko shule, na kwamba hiyo ndiyo homuweki yake.

Kufikia majira ya baridi plasta zake hazikuchomoka tena. Ndipo Jepkoech alipokuja kutoka Molo.

Alikuwa mama mdogo wa umri, na mtoto wake wa kwanza, Zeddy, alikuwa amefungwa blanketi mbili. Hata ndani ya chumba, mbele ya kina mama wenye watoto kama wake, hakutaka kufunua. Kwao watu walikuwa wamesema mengi: kwamba alitazama kitu kibaya akiwa mjamzito, kwamba upande wa mamake una laana. Chepkemboi alipomvua mtoto soksi yeye mwenyewe, aliona nyayo mbili zimetazamana kama viganja vya mtu anayesali. Jepkoech aliuliza swali moja tu.

"Daktari, atatembea?"

Madaktari hufundishwa wasiahidi. Chepkemboi aliishika ile miguu, akaupapasa mfupa kwa gumba, akausikia ukisogea.

"Atatembea," akasema. "Lakini mimi na wewe tutachoka kwanza."

Wakaanza. Kila Jumanne Jepkoech aliondoka Molo alfajiri, na kila Jumanne miguu ilikuwa imefunguka kidogo zaidi. Blanketi zikapungua. Siku moja alimweka Zeddy kwenye benchi, miguu nje, akaendelea kuzungumza na jirani yake kana kwamba hakuna cha kuficha.

Mwishowe ilibaki mishipa migumu ya visigino tu, yaani kano, ile inayouvuta mguu kuelekea chini. Hiyo hukatwa kwa kisu kidogo sana, mtoto akiwa amechomwa sindano ya ganzi, palepale kliniki. Tumbo la Chepkemboi lilikuwa limekua, ikabidi avute stuli na kukaa upande. Amarjit alikuja bila kuambiwa akasimama mlangoni. Chepkemboi alitafuta mshipa kwa ncha ya kidole, akapenyeza kisu, akausikia ukiachia. Kisigino kilishuka na unyayo ukainuka wenyewe mkononi mwake. Damu ilikuwa tone. Akafanya mguu wa pili vilevile. Amarjit akasogea, akaigeuza miguu taratibu huku na huku, akasema, "Safi," kisha akaenda zake. Jaydeep alipohadithiwa alikiri kwamba yeye hajawahi kuambiwa hivyo.

Baada ya plasta ya mwisho Zeddy alipewa viatu vidogo vilivyounganishwa na chuma, avivae usiku na mchana kwa miezi kadhaa, kisha wakati wa kulala tu. Jumanne iliyofuata alikuja. Baadaye hakuja, na simu ya Jepkoech haikupatikana. Chepkemboi alijua kwamba watoto wengi hupotelea hapo, mzazi akiona mguu umenyooka. Zilipopita Jumanne nyingine mbili alimwomba Bethwel, Jumamosi wakaingia kwenye gari lao wakapanda Molo. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka na malori yalikuwa yakipakia viazi kando ya barabara. Waliuliza njia kwenye kituo cha maziwa.

Jepkoech alipowaona alishika mdomo. Viatu vilikuwa juu ya kabati, vimeoshwa vikang'aa. Alieleza huku akitazama chini: mtoto alilia usiku kucha, nyumba nzima haikulala, wakaanza kumvua usiku mmoja mmoja, mwishowe wakaacha. Chepkemboi akampakata Zeddy na kumtazama. Nyayo zilikuwa zimeanza kurudi ndani. Na juu ya kila kisigino palikuwa na alama ya lengelenge lililopasuka na kupona.

Alikuwa amekuja na maneno ya ukali tayari, na sasa hayakuwa na pa kwenda.

"Kiatu kilikuwa kinamchuna," akasema. "Alikuwa na haki ya kulia. Kosa si lako, Mama Zeddy, na si la mtoto. Tunaanza tena plasta, halafu nitamtafutia viatu vinavyomkaa."

Jepkoech alifuta macho kwa upande wa leso. Akauliza kama ni Jumanne hiihii. Akaambiwa ndiyo.

Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyetoka kliniki kabla ya viatu vyake kujaribiwa na visigino kukaguliwa. Chepkemboi aliomba kila mzazi aache pia namba ya jirani. Akawapanga kina mama waliotangulia waketi pamoja na wageni, kwa sababu aliona neno la mtu aliyekesha na mtoto anayelia lilikuwa na uzito zaidi kuliko la daktari. Jepkoech alikuwa wa kwanza kuketi hivyo.

Chepkemboi alifanya kazi hadi Jumanne ya mwisho aliyoruhusiwa. Alijifungua mvulana, na kabla ya kumtazama uso alimkagua miguu. Bethwel alimcheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Aliporudi kazini baada ya likizo, Amarjit hakumpeleka thieta kwanza. Alimwambia aende naye kliniki. Benchi zilikuwa zimejaa hadi nje ya mlango. Watu walikuwa wakitoka Baringo na Narok kwa kuelekezana wao kwa wao. Chepkemboi akatambua kwamba katika miezi yote ile Amarjit alikuwa akiiendesha kliniki mwenyewe, pamoja na Jaydeep. Mzee alijikunja kwenye stuli fupi, magoti yakakaribia kifua.

"Kina mama wananisumbua," akasema. "Wanasema plasta zangu si kama zako. Nionyeshe unavyoshika."

Basi mtu aliyemfundisha kushika drili akashika goti la mtoto huku mwanafunzi wake akiunda plasta, na Jaydeep akainama nyuma yao asipitwe na kitu. Zamu ya Amarjit ilipofika, gumba lake likakaa juu zaidi ya panapotakiwa. Chepkemboi alisita. Mwishowe akasema, "Shusha kidole kidogo, Daktari. Hapo." Amarjit akashusha. Kwenye benchi mama mmoja mgeni alimnong'oneza Jepkoech akiuliza yule mzee wa kilemba ni nani.

"Ni daktari pia," Jepkoech akajibu. "Bado anafundishwa."

Jaydeep alilazimika kutoka nje ili acheke. Amarjit alisikia pia, lakini hakuinua kichwa. Ndevu tu zilitikisika kwa kicheko alichokizuia.

Wiki hiyohiyo Chepkemboi alivaa tena aproni nzito. Alikuwa na hofu kwamba mikono imesahau. Mgonjwa alikuwa mwanamume aliyevunjika paja barabarani karibu na Kikopey, na alipoweka vidole juu ya mguu ule mnene alishangaa jinsi alivyouelewa. Aliyezoea kutafuta mfupa mdogo kama punje ya harage chini ya ngozi ya mtoto hakuhitaji kupigwa picha nyingi ili ajue paja limeelekea wapi. Chuma kilipoanza kuingia mahali pake, Amarjit alisema anakwenda kunywa chai. Wauguzi wakatazamana. Hakuwa mtu wa kumwachia rezidenti thieta. Chepkemboi akaomba nyundo, akaendelea.

Zamu zake zilipopangwa upya aliambiwa kwamba sasa kliniki inaweza kwenda kwa mwingine. Alikataa. Jumanne akaibakiza yake, na Jaydeep akaomba awe wa pili wake.

Miezi ikapita. Jumanne moja Jepkoech aliingia akiwa na mumewe, akamsimamisha Zeddy mlangoni, visigino chini, vidole vimetazama mbele, akamwambia aende kwa daktari. Chepkemboi akapiga magoti na kunyoosha mikono. Zeddy akamtazama, akatazama dirisha, akaona mlango wa nyuma uko wazi na nje kuna jua. Akapita kando ya ile mikono bila kugeuka, akavuka kizingiti, akashika njia kuelekea kwenye nyasi, na mamake ikabidi ainue sketi amkimbilie.